Tofali Alilolilamba Gaju

Yule ng'ombe mwekundu hakulamba kila tofali. Ndilo jambo la kwanza Pudentienne aliloliona asubuhi hiyo, mtungi wa maji ukiwa bado kichwani. Ng'ombe alipita matofali matatu akiyanusa tu. Alipofika la nne akatoa ulimi wake mrefu, akalilamba mpaka vumbi likamdondoka mdomoni. Akaruka mengine mawili, akalamba la saba.

Pudentienne alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi aliteka maji na kuyapeleka kwenye shule iliyokuwa ikijengwa kijijini kwao, kati ya vijiji vya Runingu na Kiringye. Mama yake, Libérate, alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba udongo wa kufyatulia matofali. Shule ya zamani ilikuwa mbali mno. Pudentienne aliiacha akiwa darasa la tatu, mdogo wake alipozaliwa. Sasa, mwaka wa tatu wa uhuru, serikali iliahidi kwamba shule mpya itafungua milango mwezi wa Septemba. Kuta zilikuwa zimefika madirishani.

"Ng'ombe wa nani huyu? Toka!"

Octave, kapita aliyesimamia ujenzi, alikuja mbio na fimbo. Ng'ombe alipoondoka, kapita aligusa ukuta. Kipande cha tofali kilibanduka mkononi mwake kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akakitia mfukoni. Hakumwona Pudentienne nyuma ya rundo la mchanga.

Kufikia adhuhuri, kijiji kizima kilikuwa kinasema.

"Minye, mimi mwenyewe, nilisema zamani," alisema Habonimana, jirani yao. "Yule Manassé wa mlimani iko na ng'ombe, lakini iko na mambo mengine pia. Wanasema uasi unapikwa huko juu. Nani alimtuma atuvunjie shule?"

Manassé alikuwa mfugaji wa nyanda za juu. Kila kiangazi aliteremsha ng'ombe wake bondeni, na mwekundu yule, Gaju, ndiye aliyetangulia njiani. Miaka yote watu walinunua maziwa yake. Sasa alipofika mferejini, mazungumzo yalikatika. Mama Libérate alimvuta binti yake mkono na kunong'ona, "Usimsalimie." Hata wao kwa wao walianza kuchunguzana. Nani alimpa mahali pa kulala? Nani alinunua maziwa yake jana?

Siku ya tatu, matofali ya chini ya dirisha yalimomonyoka, na fremu ikaanguka. Hakuumia mtu. Octave aliita watu wote.

"Kesho huyu anakwenda mjini Uvira, kwa polisi," alisema akimwonyesha Manassé. "Ng'ombe wake watabaki hapa kufidia ukuta."

Manassé aliegemea fimbo yake. "Ng'ombe hajui siasa, bwana kapita. Anajua chumvi. Miaka ishirini nawaleta hapa walambe chumvi ya bonde hili. Basi niambieni, chumvi imefikaje ukutani?"

"Mmemsikia?" Habonimana alidakia. "Kesho atasema ukuta una sukari, tuutie kwenye chai!"

Watu wakacheka, lakini macho yao hayakucheka. Mwalimu Donatien, aliyeletwa kuongoza shule mpya, aliinama akaokota kipande cha tofali lililoanguka. Kisha akauliza, "Udongo ulichimbwa wapi?"

"Mtoni, kama tulivyoagizwa," Octave alijibu upesi.

"Ni kweli, akina mama?"

Libérate alifunga upya kitambaa chake, ingawa hakikuwa kimelegea.

Majirani walizoea kusema Pudentienne alipimiwa sauti kwa kijiko. Alimtazama Manassé, ambaye kesho angepelekwa polisi.

"Si wote," alisema.

Mama yake alimfinya. Yeye akaendelea.

"Siku tano akina mama walichimba, nami niliwapelekea maji, kwenye lile bonde dogo lenye udongo mweupe, karibu na njia ya ng'ombe. Mtoni ni mbali. Bwana kapita alituona, akasema udongo ni udongo. Mimi niliuonja. Una chumvi."

"Mtoto huyu anaota!" alifoka Octave.

"Basi tumuulize asiyeota," alisema Manassé, akapiga mluzi.

Gaju alikuja taratibu, akaufuata ukuta akinusa. Alipolamba tofali, mwalimu aligonga hapo kwa mpini wa nyundo, na unga ukamwagika. Aliporuka jingine, mwalimu aligonga, nalo likalia kama chungu kizuri. Mara ya kwanza watu waliguna. Mara ya nne walisogea karibu.

"Tungepata mkaguzi kama huyu kila mahali," mzee mmoja alisema. "Hali rushwa."

"Hali rushwa, lakini anakula ukuta!" alijibu mwingine. Safari hii walicheka kwelikweli.

Octave aliketi juu ya rundo la mchanga, akatoa mfukoni kile kipande cha tofali. "Wakubwa wa serikali walitaka paa kabla ya Septemba," alisema kwa sauti ndogo. "Ningesema tunachelewa, wangeleta kapita mwingine."

"Na sisi tulikuwa tumechoka," alisema Libérate. "Tukajiambia, kama mwenye kazi ameona, sisi ni nani?"

Jioni Habonimana alimpelekea Manassé chungu cha pombe ya ndizi.

"Minye ni mprotestanti," alisema Manassé. "Sinywi."

"Basi weye unisamehe tu, kunywa nitakunywa mwenyewe."

Manassé alicheka, akamsamehe.

Ukuta ulibomolewa. Septemba ilipita bila mlango kufunguliwa. Kijiji kizima, Octave na Habonimana wakiwemo, kilibeba udongo kutoka mtoni, na Gaju aliletwa kunusa kila rundo kabla ya kufyatuliwa matofali. Mvua kubwa ilipopiga, ukuta mpya haukutoa hata chembe. Paa likapanda.

Siku milango ilipofunguliwa, mwalimu Donatien aliwakusanya watoto na wazazi mbele ya ukuta ule.

"Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta," aliwaambia. "Sisi ufa tuliuona, tukautafutia mtu wa kumtwika. Mgeni alikuwa karibu, tukamtwika yeye. Kumbe jengo lilianza kuanguka siku ile watu kumi walipoona kosa, kila mmoja akasema si kazi yake. Nchi yetu ni changa, ina mengi ya kujenga. Ukiona tofali bovu, sema likiwa bado chini. Likishapanda ukutani, litaangukia kichwa cha mtu."

Kisha akamgeukia Pudentienne, aliyesimama nyuma ya mama yake, amembeba mdogo wake mgongoni.

"Uliuonja udongo tangu ulipochimbwa, binti yangu. Kwa nini ulikaa kimya muda wote ule?"

Pudentienne aliinamisha kichwa.

"Niliogopa shule itachelewa, mwalimu," alisema. Akainua macho, akamtazama mama yake. "Nataka kurudi kusoma."