Nukta Mwishoni mwa Jina

Siku ya kwanza kuonana, kijana alikuwa akimtukana dada wa watu bila kumjua. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, ukumbi wa wagonjwa wa nje umefurika, na kompyuta za madirisha yote manne ya kuandikishia zimeganda. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu na bisibisi mfukoni alikuwa akiwaeleza waliokuwa karibu naye kwamba msimamizi wa ule mfumo naye apewe foleni yake, asimame ndani yake mpaka miguu iote mizizi. Watu wakacheka. Dada mmoja aliyekuwa akijipenyeza katikati yao, kavaa gauni la rangi ya haradali, kitambulisho chake shingoni kakigeuza kisisomeke, hakucheka.

"Msimamizi mwenyewe ni mimi," akamwambia. "Na miguu tayari imeota mizizi."

Kijana alitamani ardhi ipasuke. Akaomba radhi, akasema yeye ni fundi wa lifti, matusi anayajua yanavyochoma. "Lifti ikikwama," akasema, "hakuna anayeniuliza jina. Wananiuliza nimelelewa na nani." Hapo dada akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyekosa kucheka siku nyingi. Kijana akamwonyesha kwa kidevu bibi mmoja aliyeketi mbele ya dirisha la nne, amewapa mgongo, akibishana na karani. Ndiye aliyemlea. Alikuwa akimtajia karani majina sita, lake na ya baba zake watano, hataki hata moja lipungue, kwa hoja kwamba yeye hakuokotwa. Dada alitaka kwenda kumwamkia, lakini simu ikalia, akageuka kukimbilia chumbani kwake. Namba yake, hata hivyo, ilishaingia kwenye simu ya fundi lifti.

Basi tumjue huyu dada. Pale hospitalini walimwita Kiraka, maana kazi yake ilikuwa kuziba palipotoboka. Mfumo wa kuandikisha wagonjwa ulikuwa programu ya Java iliyoandikwa na watu walioondoka zamani, wakamwachia yeye kama mtu anavyoachiwa mtoto mkorofi wa jirani. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini, karibu na stoo ya mashuka. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na seva moja, kompyuta kuu iliyobeba mfumo wote, feni inayounguruma mchana kutwa, kiti, na simu ya kazi ambayo kwa miaka mitatu hakuruhusiwa kuizima hata akienda kuoga. Likizo aliomba mara mbili. Meneja alimjibu kwa upole kwamba bila yeye hospitali haiendi, na upole ule ulimfunga kuliko kufuli.

Ugonjwa wa ule mfumo ulikuwa mmoja. Unakwenda vizuri, mara prosesa, ubongo wa seva, inaelemewa na kazi inapanda, asilimia themanini, tisini, mia, kisha hakuna kinachosogea. Meneja anapiga simu. Dawa yake aliijua moja tu: zima, washa. Kiraka anazima, anawasha, baada ya robo saa watu wanahudumiwa, anasifiwa, basi. Mafundi wenzake wa zamani walimfundisha kwamba kabla ya kuzima uipige picha ile seva, yaani unakili hali yake ya wakati ule, uone kila uzi, kila kazi moja inayoendeshwa, ulikuwa wapi na unafanya nini, maana ukizima umemfukuza shahidi. Lakini picha inataka utulivu, na wewe jaribu kutulia ukiwa na meneja sikioni na wagonjwa mia mbili ukumbini. Kwa hiyo kila mara alimfukuza shahidi, kisha jioni akajiuliza mhalifu ni nani.

Mapenzi yalikuja katikati ya vurugu hizo, na yalikuja kweli. Kijana alikuwa akipiga simu kila asubuhi.

"Mume mwenzangu kaamkaje?"

"Homa imeshuka. Wewe uko wapi, Ghorofa?"

"Juu, ghorofa ya tisa, nimening'inia, nakuwaza. Usinichekeshe nikaanguka."

Mume mwenza ndiyo ile seva; naye kijana alimwita Ghorofa kwa urefu wake na kwa kazi yake. Walikula pamoja kwenye benchi nje ya stoo ya mashuka, dakika ishirini ishirini, simu ya kazi katikati yao kama shangazi mchunga mwari. Kiraka alimpenda mpaka akajiogopa. Kilichomtesa ni kwamba mapenzi yale hayakuweza kutoka nje ya korido.

Hasa kumfikia mama yake Ghorofa, yule bibi aliyemlea. Aliishi mbali, kwa binti yake mkubwa, na mjini alikuja kwa ajili ya kliniki tu, Jumanne moja moja, akirudi saa sita mchana. Ghorofa alitaka sana wawili hao waonane. Wakapanga, mfumo ukaganda. Wakapanga tena, ukaganda. Mara nne walipanga, mara nne Kiraka akabaki chini amefungiwa na feni yake, na ghorofa moja juu yake mama wa watu anasubiri mpaka anachoka anaondoka. Kila mara Kiraka aliomba msamaha vizuri, akanunua keki, wakacheka, wakaanza upya.

Mara ya nne Ghorofa hakuigusa keki.

"Mama akija, mfumo unaanguka," akasema. "Wiki asiyokuja, mfumo mzima. Ungekuwa wewe ni mimi, ungeamini nini?"

Kiraka akasema ni bahati mbaya, Jumanne wagonjwa ni wengi.

"Mimi lifti ikikwama sizimi umeme nikawasha nikaenda zangu. Nauliza kwanza imekwamia wapi. Wewe tukikwama unaomba radhi tu, tunaanza tena, tunakwama palepale." Akatoa barua mfukoni. Kampuni yake ilimtaka mji mwingine, miaka mitatu, na jibu lilitakiwa Jumanne ijayo kabla ya saa kumi jioni. "Mama atakuja siku hiyo. Ukija kumwamkia, barua hii naichana. Usipokuja nitajua humtaki, na mimi hunitaki. Nitasaini."

Wiki ile Kiraka hakula wala hakulala sawasawa. Jumanne akavaa gauni la kijani lililopigwa pasi mara mbili, hereni ndogo, viatu vya kisigino kifupi. Akamwambia meneja mapema kwamba saa tano atapanda juu dakika kumi tu. Meneja akasema bila shaka.

Saa nne na nusu prosesa ikaanza kupanda.

Aliitazama ikipanda na machozi yakamjaa. Simu ikalia, na meneja hata hakusalimia: zima, washa. Kidole chake kilikwisha kufika kwenye kitufe. Robo saa kuuzima na kuuwasha mfumo, nusu saa kuhakikisha, nusu nyingine meneja aridhike, na ikifika saa sita mama keshaondoka. Kuta za kile chumba alizihisi zikimsogelea. Ndipo maneno ya Ghorofa yalipomrudia, yale yaliyomuumiza kuliko yote. Mama akija, mfumo unaanguka. Asipokuja, mzima. Siku ile aliyasikia kama lawama. Sasa akayasikia kama fundi.

"Dakika tano," akamwambia meneja.

"Watu wanazimia huku, zima sasa hivi!"

Akakata simu. Hajawahi. Akaipiga seva picha, akahesabu sekunde kumi, akaipiga nyingine, akahesabu, akapiga ya tatu. Akazilinganisha. Nyuzi karibu zote zilikuwa zimekaa zikisubiri zamu. Saba tu zilikuwa mbioni, na katika picha zote tatu hizo saba zilikuwa mahali palepale: kwenye sehemu inayokagua kama jina la mgonjwa limeandikwa kwa herufi halali. Akachukua namba za nyuzi zile, akazitafuta kwenye daftari la seva linaloonyesha kila uzi unamshughulikia nani. Zote saba zilikuwa na mtu mmoja. Jina refu, majina sita, na mwishoni nukta.

Akayasoma majina yale polepole, la kwanza hadi la sita. Mtu asiyekubali kupunguzwa hata jina moja alimjua.

Nukta nayo aliijua. Makarani waliiweka wenyewe, kwa huruma, mwishoni mwa jina la mzee asiyeweza kusimama, ili wenzao wa ndani wamuite mapema. Lakini ukaguzi ule ulikubali herufi na nafasi tu. Ukifika kwenye nukta ulikataa, ukarudi nyuma, ukaligawa jina vingine, ukafika tena, ukakataa tena. Jina fupi lilikwisha mara moja. La majina sita lingegawanywa mpaka wote wafe. Karani naye akiona kimya hubonyeza tena, na uzi mwingine unaingia mtegoni, mpaka prosesa nzima imeshikwa na bibi mmoja.

Sasa ndipo alipozima na kuwasha, shahidi akiwa mkononi. Akavua viatu akapanda ngazi peku.

Dirisha la nne, bibi alikuwa palepale, mkoba mapajani, amechoka. Ghorofa alisimama nyuma yake na kalamu mkononi. Kiraka alimfikia karani kwanza, akamwomba mfumo ukirudi aandike jina lote lakini nukta asiiweke. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Aliufungua mdomo ajieleze, na badala ya kujieleza yakamtoka majina. Akayataja yote sita, moja baada ya jingine, bila kukosea. Bibi akamkazia macho.

"Hata huyu mwanangu la nne humpotea," akasema taratibu. "Wewe umefundishwa na nani?"

Kiraka akamweleza, huku akilia na kucheka, kwamba ni jina hilo lililokuwa likimfungia chini kila Jumanne, mara zote nne. Hakumkimbia. Alikuwa akishughulika naye muda wote, ila hakujua.

Bibi akamgeukia mwanawe. "Ameniita na baba zangu wote. Wewe unangoja nini?"

Ghorofa akaichana barua, vipande akavitia mfukoni na bisibisi. "Kiraka, lifti za ule mji watatafuta fundi mwingine. Nioe—" akajisahihisha, ukumbi mzima ukisikiliza, "nikuoe?"

Simu ya kazi ikalia. Bibi akamwambia pokea, kazi ni kazi. Alikuwa meneja, amefurahi: mfumo umerudi, prosesa imetulia kwenye kumi, amefanyaje safari hii, na ashuke mara moja amweleze.

"Nitakueleza kesho," Kiraka akasema, macho yake kwa Ghorofa. "Leo niko na mama mkwe."

Akaizima.