Moyo wa Kupimia Hofu

Mtambo uitwao Mshtushi ulilipua daraja la tatu kabla hata jina la filamu halijatokea. Magari yakamiminika mtoni, papa akaruka akameza helikopta. Na ikumbukwe, kwa heshima zote, kwamba kisa chenyewe kilikuwa kinatokea Tabora, ambako papa hajapata kuonekana hata kwenye sahani.

"Huo ni mwanzo wa kumi na nne, Bi Mwongozaji," Mshtushi ulitangaza kwa adabu ya kiranja anayetafuta sifa. "Naomba maoni."

Nyamizi Kasanda alishika kichwa. Akautazama mshale wa kipimahofu ukutani. Ulikuwa umelala fofofo.

Kipimahofu kiliunganishwa na mkanda uliofungwa kifuani mwa Mama Chausiku, mama wa makamo aliyekuwa anamenya karanga. Moyo wake ulikuwa umesajiliwa rasmi na Bodi ya Filamu. Mwanzo wowote wa filamu ya kusisimua ambao haukuurusha moyo huo, haukuruhusiwa kuonyeshwa popote nchini. Bodi ingefika alasiri. Mshale usipogusa nyekundu, filamu aliyoihangaikia Nyamizi tangu atoke chuoni ingetupwa.

"Mama, hata papa?"

"Papa wa jana alikuwa mkubwa zaidi, mwanangu."

Nyamizi aliugeukia mtambo. "Sikiliza. Ondoa papa. Ondoa madaraja. Nataka jiko tu. Mwanamke anasonga ugali, mlango nyuma yake unafunguka taratibu. Hakuna aliyepiga hodi."

"Mlango unalipuka wakati gani?"

"Haulipuki!"

"Basi nani atashtuka?"

"Yeyote aliyelelewa na mama yake! Fanya!"

Mshtushi ulitii, kwa kinyongo ambacho watengenezaji wake waliapa haukuwa nacho. Taa zikafifia. Mwiko ukawa unagonga sufuria. Komeo likasogea lenyewe. Mwanamke akaita, "Karibu?" Kimya. Mwiko ukasimama.

Nyamizi, aliyeutunga mwanzo huo mwenyewe, nywele zilimsimama.

Mama Chausiku alipuliza maganda ya karanga. "Huyo mgeni hana adabu," akasema. Mshale haukutikisika.

"Mama Chausiku! Hicho kifuani ni moyo au jiwe? Kitu gani kitakushtua wewe?"

"Usinifokee. Hata mimi nakitafuta." Akaziweka karanga chini. "Miaka yote hii nashtushwa asubuhi mpaka jioni. Juzi mjukuu wangu kapaliwa na mwiba wa samaki. Macho yamemtoka, ananinyooshea mikono. Mimi nimekaa palepale, nasubiri jina la filamu litokee. Jirani ndiye aliyeingia akampiga mgongoni."

Mshtushi ulidakia.

"Bi Mwongozaji, huo ni mwanzo bora kuliko yote! Wajumbe wa Bodi wataruka vitini, watausahau hata mshale. Sura ya mama ninayo. Naomba ya mtoto tu."

Nje, gari la Bodi lilikuwa linaegeshwa. Nyamizi alijua kwamba mtambo ulikuwa unasema kweli, na hilo lilimuudhi kuliko papa wote. Akauzima. Kisha akapiga magoti, akaufungua mkanda kifuani mwa Mama Chausiku.

"Na mtoto anaendeleaje, mama?"

"Mzima kabisa," akajibu Mama Chausiku. "Ila siku hizi ananiogopa."