Nani Alikuwa Anashusha Mawe ya Mguu wa Mume Wangu?

"Muuaji! Kumbe ni wewe!"

Sauti ya mama mkwe ilijaa wodi nzima. Waliokuwa wamelala wakaamka, waliokuwa wanakula wakaacha kutafuna.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa miguuni pa kitanda cha mume wangu, nimekumbatia lile jiwe la chuma kwa mikono miwili. Jamani... hebu fikirieni unakutwa hivyo!

"Mama, nalirudisha! Nimelikuta chini!"

"Unalirudisha au unalitoa? Sista! Njooni muone, huyu mwanamke anamuua mwanangu!"

Muuguzi aliyekuwa nyuma yake akasogea. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa macho, ananitazama.

"Baba Lucky, waambie basi!"

Akageuzia uso ukutani.

"Mimi nilikuwa nimelala," akasema.

Weee! Mume wangu mwenyewe!

Naitwa Leonia. Nimezaliwa Tarakea, Rombo, nikaolewa Kibosho, huku huku Kilimanjaro. Haya yalinikuta mwaka 1997, na mpaka leo wapo wanaoniita mvunja mguu. Leo nasema yote, atakayenuna anune.

Mume wangu Filbert alikuwa anakusanya kahawa kwa mnunuzi binafsi. Ruhusa ya watu binafsi kununua kahawa ilikuwa bado mpya, vijana wenye haraka wakaikimbilia, na mwenye haraka kuliko wote alikuwa wangu. Siku hiyo alipanda juu ya magunia ingawa dereva alimkataza. Barabara zetu mnazijua. Lori likaingia shimoni, yeye akarushwa, mfupa wa paja ukakatika.

Tukashuka naye hospitali, Moshi mjini. Huko tukakutana na Daktari Anaeli, bingwa wa mifupa, mtu mpole wa sauti ya chini.

"Kuna njia mbili," alituambia. "Ya kwanza, tunauvuta mguu kwa mawe mpaka mfupa uunge. Unalala kitandani kwa wiki nyingi. Ya pili, tunapasua na kuweka chuma ndani ya mfupa."

"Ipi nzuri?" Filbert akauliza.

"Kwa wagonjwa wetu hapa, hatujui kwa uhakika. Ndiyo maana tunafanya utafiti. Sichagui mimi, huchagui wewe. Kura ndiyo inachagua. Na huwezi kulazimishwa kuingia."

"Na nikipata mawe, mfupa ukakataa?"

"Tutakupasua. Hatuwezi kukuacha na mguu uliopinda."

Filbert akakubali. Kura ikampa mawe.

Kile wagonjwa walichokiita mawe ni vyuma vizito vinavyoning'inia kwa kamba miguuni pa kitanda, vinavuta mguu ili mifupa isipandane. Kazi yako ni kulala tu na kuvumilia. Sasa mwambie mtu kama Filbert alale wakati msimu wa kahawa ndio unaanza!

Kibaya zaidi, kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Wenseslaus, kijana wa mashamba ya miwa. Kura ilimpa chuma. Muda si mrefu huyoo, anapita na magongo, anatania wauguzi.

"Unaona yule?" Filbert aliniambia. "Atafika kwao, mimi bado nimefungwa hapa kama mbuzi."

"Vumilia, Baba Lucky. Picha ya kwanza daktari ameisifia."

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

Picha iliyofuata haikusifiwa na mtu. Mifupa ilikuwa imepandana, mguu umeanza kuwa mfupi. Daktari Anaeli aliishika ile picha kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena. Hakuelewa.

Mimi ndipo nikaanza kuona mambo. Mama mkwe alikuwa anawahi kuingia na mtori wake, ile supu yetu ya ndizi, mimi nafika baadaye nikitoka sokoni. Mara ya kwanza nikakuta kamba imelegea. Nikamwita muuguzi, akairekebisha. Mara ya pili nikakuta jiwe sakafuni kabisa. Nikainama nilirudishe mwenyewe.

Ndipo nikasikia "Muuaji!"

Nilipigwa marufuku kuingia wodini. Nikalia pale getini mpaka mlinzi akanionea huruma, lakini huruma ya mlinzi haifungui mlango.

Ukoo ukakaa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazungushwa, na shemeji yangu Sirili ndiye akasimama kusema.

"Shemeji, unataka ndugu yetu awe kilema ili ubaki unatawala kihamba, shamba la ukoo wetu, peke yako. Rudi kwenu Rombo. Watoto wanabaki."

Niliondoka na kanga mbili. Mwanangu Lucky alinikimbilia mpaka barabarani, akashikwa na bibi yake.

Nikiwa Tarakea nikasikia Filbert amepasuliwa, amewekewa chuma. Hata mimi nilishukuru Mungu! Nilimtaka mume wangu arudi nyumbani kwa miguu yake miwili, hata kama hatarudi kwangu.

Halafu zikafika habari nyingine. Kidonda kimetoa usaha. Wamesafisha, usaha umerudi. Umeingia mpaka kwenye mfupa.

Sirili akaja mwenyewe kunifuata, uso umemshuka.

"Shemeji, twende ukamuuguze."

Mnajua kwa nini? Kidonda kilikuwa kinanuka. Ukoo mzima wa wanywa mbege, hakuna aliyeweza kukaa pale! Muuaji akaonekana anafaa kuuguza.

Nilimuosha. Nilimgeuza. Homa ilikuwa inampanda mpaka anataja bei za kahawa. Siku walipomwingiza chumba cha upasuaji kuukata ule mguu, tulibaki kwenye benchi mimi na mama mkwe, rozari mkononi mwake haisogei.

"Mama Lucky..."

"Abee mama."

"Ni mimi nilikuwa nayashusha."

Nikamtazama.

"Ni yeye alinituma. Alisema mfupa ukikataa, watamhamishia kwenye chuma, atoke haraka kama yule kijana wa miwa. Nilikuwa nashusha nikifika, narudisha nikiondoka. Siku ile nilitoka kusuuza bakuli. Kurudi nakuona na jiwe, na Sista yuko nyuma yangu... nikaogopa."

"Na Filbert alikubali nibebeshwe mimi?"

"Alisema yeye na wewe mtaelewana baadaye."

Nyie! Mtaelewana baadaye!

Nilimfuata Daktari Anaeli nikamweleza yote. Akavua miwani.

"Mfupa wake ulikuwa unaunga vizuri, mama. Angevumilia tu."

"Sasa kwenye utafiti wenu itakuwaje?"

"Kura ilimpa mawe. Atahesabiwa upande wa mawe."

"Hata kama aliyakwepa?"

"Hata kama. Nitaeleza yaliyotokea, lakini upande wake haubadiliki."

Filbert akarudi Kibosho na mguu mmoja. Ukoo ukakaa tena. Nikasema kila kitu mbele yao, neno kwa neno. Mama mkwe akainamisha kichwa.

"Mimi sijasema maneno hayo," akanong'ona.

"Filbert?" Sirili akauliza.

"Mama hawezi kufanya hivyo," mume wangu akajibu.

Basi wazee wakaamua. Nikitaka kukaa na wanangu, nichume isale, nimpelekee mume wangu, nimwombe msamaha kwa mguu wake. Kama hukuzaliwa mlimani, isale ni lile jani la mpaka wa kihamba. Kwetu, ukiletewa isale huruhusiwi kukataa, hata aliyekukosea awe amekukosea nini.

Nilimwangalia Lucky amesimama mlangoni na mdogo wake. Nikaenda mpakani nikachuma.

Nilipiga magoti mbele ya kiti cha Filbert. Machozi yalikuwa yanamtiririka, nikasema moyoni sasa atasema... sasa hivi atasema ukweli!

Akalipokea lile jani.

"Nimekusamehe, Mama Lucky," akasema.

Wakapiga makofi, mbege ikaletwa.

Wapendwa, ukiingia kwenye utafiti wa madaktari na ukaona hapakufai, sema natoka. Ni haki yako, hakuna atakayekufunga. Usimdanganye anayekutibu, kwa sababu atakutibu kwa uongo wako mwenyewe. Na wewe unayekaa kwenye vikao vya ukoo, ukimwona mtu anaomba msamaha huku amekauka macho, na anayesamehe ndiye analia, usiwe mwepesi kupiga makofi.

Filbert bado yupo hai. Jioni hii nimempikia, nikampelekea chakula alipokaa, akaniambia asante.