Abiria Aliyejibu Sifuri

"Shikamoo babu. Nina maswali machache tu."

"Marahaba. Babu ni kwa wajukuu zangu. Wewe niite Mzee Telesfori."

Koleta akacheka. Alikuwa amenisindikiza hadi stendi ya Nyamahanga, kama kila Jumapili ninapomtembelea. Yeye mjane, mimi mgane.

Binti aliyenisalimia, mtafiti wa reli aitwaye Raya, akaeleza kuwa reli ikipita huku, huenda kituo kikajengwa nje ya mji. Walitaka kukadiria abiria watakaokitumia.

"Huku unakuja mara ngapi?"

"Kila Jumapili, kutoka Kasulo."

"Sababu ya safari?"

"Huyu hapa."

Koleta akanifinya. "Mzee huyu hana haya!"

"Na treni ikianza, labda miaka mitano ijayo, utakuja mara ngapi?"

"Sifuri," nikajibu bila kusita.

Koleta akaacha kucheka. Akanisukumia kikapu cha maharage alichonifungashia, akaondoka bila kuaga.

Basi lilikuwa limeshatoka stendi ujumbe ulipoingia: "Jumapili usije. Kama umepanga kunichoka, anza leo."

Nikapiga simu.

"Koleta, nisikilize."

"Nimeshakusikia! Umenitangaza sifuri mbele ya stendi nzima!"

"Nilihesabu safari, sikukuhesabu wewe. Nitapanda treni kumfuata nani, nawe utakuwa nyumbani kwangu Kasulo?"

Akaguna.

"Nani kakwambia nitakuwa Kasulo?"

"Nimekadiria."

"Bila kuniuliza? Yule binti anauliza stendi nzima, wewe umeshindwa kumuuliza mtu mmoja?"

Hapo alinipata. Nikanyoosha koti, nikasimama katikati ya basi.

"Koleta binti Juvenali, utakubali nikuoe?"

Abiria wakageuka. Hata konda aliacha kudai nauli.

"Migomba yangu siiachi, Telesfori."

"Basi nitahamia mimi."

"Na wajukuu zako wa Kasulo?"

"Tutakwenda kuwasalimia."

"Kwa treni? Kituo chenyewe porini, nitafikaje?"

"Nitakupakia kwenye baiskeli."

"Kwa magoti yapi?"

"Haya haya yanayonitoa stendi hadi kwako kila Jumapili."

Akacheka. Nilikuwa na hakika angecheka.

"Haya, rudi stendi, yule binti wa maswali hatakuwa ameondoka. Mwambie ile sifuri aifute. Aandike abiria wawili, kwenda na kurudi, na wanarudi nyumba moja."

Nikachukua kikapu changu.

"Konda, shusha!"

"Mzee, Kasulo bado mbali!"

"Kasulo nitakwenda kwa treni. Shusha!"