Kondo Alipong'oa Mafiga ya Bi Joha

"Kondo! Unafanya nini?!"

Ndoo ilimponyoka Bi Joha kichwani. Maji yote chini.

Mumewe alikuwa ameinama jikoni kwake, jasho linamtoka, anang'oa figa la tatu kwa jembe. Mawili alikwisha kuyatupa uani, kuku wanayadonoa. Na pembeni, amekumbatia chungu cha Bi Joha kama chake, alisimama mke mdogo, Gaudiosa... anatabasamu!

Nyie mliozaliwa na majiko ya gesi, ngojeni niwaambie. Mafiga ni yale mawe matatu yanayobeba chungu. Zamani mke alihesabiwa mke kwa sababu ana jiko lake. Mume aking'oa mafiga yako, hajatamka talaka, lakini mtaa mzima umeshaelewa.

Hii ilikuwa kambi ya shamba moja la mkonge pale Rudewa, Kilosa, wakati Mwingereza anapigana na Hitla. Vita iko Ulaya, kisago kinatua Rudewa! Chumvi imepanda. Sabuni imepanda. Mafuta ya taa ndiyo usiseme. Kaniki mtu anaishika dukani, anaipapasa, anairudisha.

Mshahara? Uleule!

"Nimepanga upya matumizi ya nyumba," Kondo akasema, anajifuta jasho. "Majiko mawili ni kuni mara mbili, chumvi mara mbili, taa mbili. Kuanzia leo jiko ni moja."

"Haya. Sasa kwa nini la kwangu? Si mimi ndiye mke mkubwa?"

"Wewe mkono wako mzito. Chumvi unamimina."

Jamani! Miaka yote amekula chumvi hiyohiyo akiramba vidole, mpaka alipoletwa huyu binti wa Kidodi.

"Na sigara zako, Kondo? Nazo umezipanga upya?"

"Sigara ni za mwanamume anayekata mkonge! Ukiona huwezi, njia ya Mikumi unaijua."

Hapo alimkata maini. Mikumi alikuwa na kaka, ndiyo. Lakini wifi yake alishasema mbele za watu kwamba nyumba yake si kituo cha wanawake walioachwa. Bila jiko pale Rudewa, Bi Joha hakuwa na pa kwenda. Alijua, na Kondo alijua.

"Nisikilize basi, siku nyapara atakapopita..."

"Funga domo!"

Akalifunga.

Sasa shikeni hapa, maana ndipo mwamba alipojichimbia kaburi.

Kila wiki shamba lile lilitoa posho ya unga na maharage kwa mfanyakazi, na nyongeza kwa kila mke. Wanaume wajanja wakawa wanaazimana wake siku ya posho! Wenye shamba walipogundua, wakaweka utaratibu. Asubuhi ya siku hiyo, wanaume wakiwa mkongeni, nyapara alipita jiko kwa jiko na kuingiza mkono kwenye majivu. Yakiwa na joto, hapo kuna mke, posho inatoka. Yakiwa baridi, hakuna.

Wanawake wote wa kambi waliijua habari ya majivu. Wanaume walijua kula ugali tu.

Gaudiosa naye alijua. Akanyamaza! Alitaka ushindi kuliko unga.

Basi Bi Joha akawa anakula kwa mke mwenza. Anapakuliwa wa mwisho, ukoko na mchuzi wa kulowesha vidole. Shikamoo ikakoma. Gaudiosa akawa anampita mlangoni na "habari" kavu, mtu aliyemzidi umri kwa mbali!

Bi Joha alimchukia mpaka akawa anaota anamsukumia mtoni. Akiamka anasikitika kwamba ilikuwa ndoto.

Siku ya posho ikafika. Nyapara Lupakisyo, mtu wa Tukuyu, asiyecheka hata na kichanga, akasimama uani.

"Bi Joha, jiko lako liko wapi?"

Gaudiosa alikuwa mlangoni, amefunga mikono kifuani, anasubiri kuona mwenzake akilia.

"Mume wangu kaling'oa."

"Basi hapa mke ni mmoja."

"Sawa, nyapara. Nami naomba kazi. Kule kwenye kamba za kuanikia katani, wanawake si wanapewa posho yao wenyewe, na chumba?"

Lupakisyo akamtazama juu mpaka chini.

"Jua la kule ni kali."

"Jua halinisimangi."

"Nifuate."

Bi Joha akaokota mafiga yake uani, akayapanga kwenye karai, akajitwika. Hakugeuka hata kumtazama Gaudiosa.

Jioni Kondo akarudi, akafungua mfuko wa posho.

"Unga huu mbona pungufu?!"

"Nyapara kahesabu jiko moja," Gaudiosa akajibu.

"Ulijua?"

Gaudiosa akainama kuchochea kuni.

"Nakuuliza, ulijua?!"

Na ungedhani sasa Kondo angekwenda kumwomba msamaha mkewe, au angalau apunguze sigara. Wapi! Akili kisoda haijui kurudi nyuma. Akapanga upya matumizi tena!

"Kuni zimekuwa ghali. Tutapika leo, kesho tunakula kiporo. Siku ya kiporo sitaki kuona moshi."

"Lakini ikiangukia siku ya nyapara..."

"Nawe umeanza domo la mwenzako?"

Akawasha sigara.

Ikaangukia hukohuko, ndugu zangu! Siku ya kiporo ikakutana na siku ya posho, na Gaudiosa kwa kumwogopa mumewe hakuwasha moto. Lupakisyo akachuchumaa, akaingiza mkono mpaka kiganja kikazama.

"Baridi."

"Nyapara, mimi si nipo hapa? Hunioni?" Gaudiosa akajipiga kifua.

"Naona mtu. Jiko silioni."

Posho ya mke ikakatwa. Na chumba nacho, kwa kuwa kilikuwa cha wenye wake, kikapewa manamba, wale vibarua wa mkataba, waliokuja na familia zao. Kondo akahamishiwa bweni la makapera, kulala kwenye kirago katikati ya vijana wanaomcheka. Mwanamke haruhusiwi kukanyaga kule.

Gaudiosa akabaki uani na mzigo wake.

Jua linazama, akaenda kugonga chumba alichopewa Bi Joha kule kwenye katani. Ndani chungu kinatokota, harufu ya maharage imejaa mpaka nje.

"Dada... shikamoo dada. Sina pa kulala. Nina mimba."

Bi Joha alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Alimwonea huruma, tena sana, na hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma.

"Hapa jiko ni moja, mdogo wangu. Ndivyo mlivyopanga."

Komeo halikuguswa.

Najua sasa hivi mnamshangilia Bi Joha. Shangilieni tu, hata mimi nilimshangilia niliposimuliwa mara ya kwanza.

Lakini ile mimba ni baba yangu!

Mimi ni mjukuu wa Gaudiosa. Bibi alitembea nayo kutoka Rudewa mpaka Kidodi, kwa miguu na kwa huruma za watu wa njiani, akajifungulia kwa wazazi waliokuwa wamemkataza ndoa ile tangu mwanzo. Kondo hakumtafuta. Baba yangu amekufa hamjui baba yake.

Uzeeni bibi alikutana na Bi Joha kwenye msiba pale Kilosa mjini. Ndipo mwenzake alipomwambia alivyosimama nyuma ya mlango. Walilia wote wawili. Hawakupatana, msije mkadanganywa. Kila mmoja alirudi kwake na chuki yake, ila imepungua uzito.

Nikamuuliza bibi kama alikuwa bado na kinyongo.

"Kwa Joha? Joha alinifungia mlango usiku mmoja. Mimi nilinyamaza wiki nzima akila ukoko."

Basi nyie mnaohangaika na bei za unga na mafuta mwaka huu, baneni matumizi, hakuna dhambi. Ila mkubwa wa nyumba aanze na anasa zake kabla ya sahani ya mtu. Na ukiona kaanza na sahani ya mwenzako, usikenue meno. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Bibi yangu hakutia maji, na aliyelipia ni baba yangu.