Ukurasa wa Antoni

Mwaka 1999 Evelina alifanya kazi ya kukata minofu ya sangara kiwandani Nyakato. Alikaa Kiseke na mama yake, Selina, aliyekuwa mgonjwa. Kila Jumamosi akitoka kazini alipita duka la intaneti mjini. Alifungua ukurasa mmoja tu. Ulikuwa na picha ya kaka yake na maneno haya: "Antoni, mama anakutafuta. Tuandikie."

Antoni alikwenda kufanya kazi melini miaka sita kabla ya hapo. Hakuwahi kuandika.

Mwezi Agosti baharia mmoja alimtumia Evelina barua pepe, kwa anwani yake iliyokuwa ukurasani. "Namfahamu. Tutakutana bandarini mwezi ujao. Nitamwonyesha ukurasa wenu."

Jumamosi iliyofuata ukurasa haukufunguka. Evelina alijaribu mara tatu.

"Dada Maulida, ukurasa umepotea!" alimwambia mwenye duka.

"Ngoja kwanza." Maulida alifungua ukurasa mwingine. Ukafunguka. "Unaona? Laini yetu ni nzima. Tatizo ni la ukurasa wako. Nani aliutengeneza?"

"Binamu yangu, Josephat. Amehamia Dar."

"Neno la siri unalo?"

"Sina. Kila kitu anacho yeye."

"Basi mpigie simu. Huenda kampuni inayoutunza ilimwandikia."

Kweli ilimwandikia. Josephat hakuwa amefungua barua pepe zake tangu Mei. Alikuta onyo: wathibitishe kuwa bado wanauhitaji ukurasa, la sivyo utafungwa.

"Nisamehe, dada," alisema kwenye simu. Akamtajia neno la siri.

"Sasa tuwaandikie kampuni," Maulida alisema. "Usiseme tu kwamba umeharibika. Taja anwani ya ukurasa, siku ulipofunguka mara ya mwisho, na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Lakini neno la siri usiliandike. Fundi wa kweli hakuombi."

Jibu lilikuja siku ya nne. Ukurasa ulikuwa umerudi. Evelina alibadili neno la siri na kuipa kampuni anwani yake mwenyewe badala ya ile ya Josephat. Maulida alimnakilia ukurasa wote kwenye disketi. "Itunze," alisema. "Wakiufunga tena, hutaanza upya."

Mwishoni mwa Septemba ilifika barua fupi. Maulida aliichapa kwenye karatasi. Evelina alimsomea mama yake kitandani.

"Ni mimi, Antoni. Niliona aibu kurudi mikono mitupu. Mama yupo?"

Mama alifumba macho.

"Mwandikie," alisema mwishowe. "Mwambie nipo. Mwambie aje hivyo hivyo."