Ufagio wa Ambrose

"Kunguru, mama hajafika kanisani."

Wendell Haugen alifumba macho kidogo, kisha akainua kipaza sauti cha redio ya gari.

Kunguru ni yeye. Mama ni Seneta Opal Rasmussen. Kanisa ni ukumbi wa seneti ya jimbo. Leo maseneta walikuwa wanapigia kura badiliko la katiba ya nchi: rais asichaguliwe zaidi ya mara mbili. Bila Opal, hoja ingeanguka. Na kikao kilikuwa kinafungwa saa sita mchana.

"Yuko wapi?"

"Ghala la ngano, kando ya reli. Bessel amemteka."

Konrad Bessel. Muuza silaha za magendo kutoka ng'ambo, mwenye marafiki katika kila ikulu.

"Mwambie Ambrose wa mlango wa kanisa achukue ufagio," Wendell alisema.

Mwanamke wa redioni, mzaliwa wa pale pale, akacheka. "Nampigia sasa hivi."

Gari la Wendell, Buick, liliteleza kwenye theluji. Goti lilimuuma. Ujana wake wote ulikwisha akimlinda rais mmoja, yule aliyechaguliwa mara nne na kufia kazini. Tangu mazishi yale, usingizi haukuwahi kumtosha.

Alipofika ghalani, alijibanza nyuma ya behewa.

Walinzi wawili wenye bunduki mlangoni. Opal ndani. Wendell alikuwa na bastola moja tu, Colt.

Angefyatua, mama angekufa.

Akangoja. Vidole vikafa ganzi.

King'ora cha reli kikalia saa sita.

Bessel alitoka, akatazama saa yake ya mkononi, Omega ya dhahabu, akatabasamu. "Kura imekufa. Nendeni mkale, vijana."

Lori la walinzi likaondoka.

Wendell akajitokeza, Colt mbele.

"Umechelewa, mzee," Bessel alisema, akiinua mikono kivivu. "Mchukue seneta wako. Sina haja naye tena."

"Rais akikaa miaka mingi, wewe unapata nini?"

"Anayeondoka, lazima ununue na wa pili. Anayekaa, unamnunua mara moja."

Wendell akamfunga pingu.

Garini, Bessel akiwa kiti cha nyuma na pingu zake, Opal alijifunika koti la Wendell. Midomo ilikuwa ya buluu.

"Kahawa yao, mwanangu! Maji ya kuoshea vyombo."

"Pole, mama."

"Ulimpenda yule rais wako?"

"Sana."

"Mimi nilimpigia kura mara zote nne." Akatazama theluji. "Nikiona picha zake za mwisho, nasema tungemwacha akapumzike."

Wendell alifuta kioo kwa mkono, ingawa hakikuwa na ukungu.

Ukumbini, maseneta walikuwa wanakula mikate yao mezani, kila mmoja akijifanya haoni. Ambrose, bawabu, alisimama juu ya kiti. Mpini wa ufagio wake ulikuwa umeubana mshale wa saa ya ukutani.

Saa ile ilisema saa sita bado kidogo.

"Mama Opal, kimbia! Bega linang'oka!"

Mlangoni, kando ya Wendell, Bessel alitazama Omega yake. Akatazama ukuta. Uso ukamshuka.

"Huu ni wizi!"

"Ni desturi," Wendell alisema. "Kazi zikibaki, saa inasimamishwa. Humu kikao hakiishi mpaka saa ile pale iseme."

"Ungeuliza tu, baba," Ambrose alidakia kutoka juu. "Hata watoto wa shule wanajua."

Jina likaitwa.

"Ndiyo," Opal alisema.

Hoja ikapita kwa kura moja. Ambrose akashusha ufagio, na saa sita ikafika.

Polisi walipomwondoa Bessel, simu ya ukumbi wa mbele ililia. Alikuwa mkuu wa Wendell kazini.

"Kazi safi, Wendell. Najua mkataba wako unaisha wiki hii. Nimekuongezea miaka minne. Hatuna mwingine kama wewe."

Wendell alikanda goti lake.

"Hivyo hivyo tulimwambia yule rais," alisema, akakata simu.

Akampa Ambrose beji na Colt amtunzie mpaka watu wa ofisi yake waje kuvichukua. Akainua kola, akafungua mlango, akashuka ngazi polepole, akichechemea kwenye theluji.

Hakutazama saa.